Maoni Yetu: Dawa ya maumivu ichaguliwe kabla ya kisu

Mgonjwa anayeenda kubadilishiwa nyonga au goti anafaa kupangiwa dawa ya maumivu kabla hajafika chumba cha upasuaji. Apangiwe yeye mwenyewe, kulingana na figo zake, tumbo lake, moyo wake na dawa anazomeza nyumbani. Mazoea ya kumdunga kila mgonjwa diklofenaki kwa sababu ndiyo iliyo karibu yanafaa kukoma. Katika ukanda huu wa ziwa mazoea hayo yana hatari zaidi kuliko sehemu nyingi za Kenya, na sababu zake zinajulikana.

Tunaandika tukiitazama Kondele, hapa Kisumu. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wakazi wengi bado wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti na kufunguliwa Oktoba 1969, iko jirani, kwenye barabara ya Kakamega. Waliogongwa na bodaboda, wazee walioteleza bafuni, vijana ambao nyonga zao zimeharibiwa na selimundu, wote wanaletwa huku. Na mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani, atapita kwenye maduka ya dawa ya Kondele kabla ya kupanda matatu ya Kiboswa au Chavakali. Kwa hivyo suala hili haliishii wodini.

Kwanza tuseme wazi kwamba hatuzipigi vita dawa za kupunguza uvimbe kama diklofenaki. Wapo wahudumu ambao, kwa kuhofia figo au kuvuja damu, humwachia mgonjwa parasetamoli peke yake na kumwambia avumilie. Huo nao ni ukatili, na ni tiba mbovu. Goti lililopasuliwa lazima lianze kukunjwa mapema la sivyo litakakamaa. Aliyewekewa nyonga bandia anafaa kusimama siku hiyo hiyo au kesho yake, maana akilala tu damu huganda miguuni na mapafu hupata maambukizi. Hakuna anayesimama huku akilia kwa uchungu.

Ushahidi upo. Nchini Denmark hospitali sita ziliwafuatilia wagonjwa 556 waliobadilishiwa nyonga, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2019. Katika saa 24 za kwanza, kipimo cha kati cha mofini kwa waliopewa parasetamoli peke yake kilikuwa miligramu 36. Kwa waliopewa ibuprofeni peke yake kilikuwa 26. Waliopewa zote mbili kwa pamoja, gramu moja ya parasetamoli na miligramu 400 za ibuprofeni kila baada ya saa sita, walitosheka na 20. Hizi si dawa za anasa. Ni Panadol na Brufen, dawa ambazo kila nyumba Manyatta inazijua. Miongozo ya kimataifa ya PROSPECT kuhusu upasuaji wa nyonga na wa goti inasimama papo hapo: parasetamoli pamoja na dawa moja ya kupunguza uvimbe iwe msingi, ganzi ya mahali panapopasuliwa isaidie, na mofini iwe akiba ya maumivu yanayozidi.

Kwa hivyo swali halisi ni hili: dawa gani ya kupunguza uvimbe, kwa mgonjwa gani, kwa siku ngapi?

Ili kulijibu, inafaa kujua dawa hizi hufanya nini mwilini. Mwaka wa 1971 Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini na jamaa zake huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazoleta uvimbe, homa na uchungu panapojeruhiwa. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1982. Shida ni kwamba prostaglandini zina kazi nyingine njema. Zinalinda ngozi ya ndani ya tumbo isiunguzwe na asidi, na zinapanua mishipa ya damu inayoingia figoni hasa wakati mwili umepungukiwa maji au damu. Kemikali nyingine ya ukoo huo huo husaidia damu kuganda. Ukizifunga zote, uchungu unapungua, lakini tumbo linabaki bila kinga, damu inachelewa kuganda, na figo zinabanwa. Mgonjwa wa upasuaji amefunga kula na kunywa, amepoteza damu, na yuko katika joto la Kisumu. Figo zake ziko katika hali ile ile ambamo zinahitaji prostaglandini zaidi.

Dawa mpya zaidi, kama selekoksibu inayojulikana kwa jina la Celebrex, ziliundwa ziache kinga ya tumbo na kuganda kwa damu bila kuviathiri sana. Zimefaulu kwa kiasi kikubwa upande huo, na ndiyo sababu madaktari wengi wa upasuaji wa viungo duniani huzipendelea: damu haivuji zaidi kwa sababu ya dawa hizo. Lakini figo hazikusalimika. Mwenye figo mbovu hapati usalama wowote kwa kuhamishiwa selekoksibu, na tungependa jambo hili lirudiwe kwa sauti, maana wengi hudhani ghali ndiyo salama.

Upande wa moyo nao una historia yake. Mwaka wa 2004 dawa ya Vioxx, jamaa ya selekoksibu, iliondolewa sokoni dunia nzima baada ya kuthibitika kwamba inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi. Watu wakaziogopa dawa mpya, wakabaki na diklofenaki wakiamini kwamba ni mkongwe asiye na lawama. Sivyo. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka wa 2013 ulionyesha kwamba diklofenaki ya kipimo kikubwa huongeza hatari ya moyo na mishipa kwa takriban thuluthi moja, sawa na kundi hilo la akina Vioxx. Mwaka huo huo mamlaka ya dawa ya Ulaya ikaipiga marufuku kwa wenye ugonjwa wa moyo au waliowahi kupata kiharusi. Uingereza ikaacha kuuza vidonge vyake bila cheti cha daktari Januari 2015. Haimo kabisa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ilhali ibuprofeni imo. Hata hivyo, watafiti walipochunguza orodha za nchi 100 mwaka wa 2013 waliikuta diklofenaki katika nchi 74.

Haki itendeke: hatari hiyo ya moyo imepimwa zaidi kwa watu wanaomeza dawa kwa muda mrefu. Siku tatu za diklofenaki kwa kijana mwenye moyo na figo nzima hazitamuua. Ila kijana huyo angepata nafuu ile ile kwa ibuprofeni.

Sasa tuje nyumbani, mahali ambapo jambo hili linatofautiana na vitabu vya Ulaya.

Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka wa 2018 uliikuta Kaunti ya Kisumu na maambukizi ya HIV ya asilimia 17.5 kwa watu wazima, wakati wastani wa Kenya ulikuwa 4.9. Wengi wa wanaotumia ARV nchini humeza kidonge kimoja chenye dawa tatu, na mojawapo ni tenofoviri. Tenofoviri hupitia figoni na yenyewe inaweza kuzichosha. Mtengenezaji anaonya isichanganywe na dozi kubwa za dawa za kupunguza uvimbe. Watafiti wa Frankfurt, Ujerumani, waliwachunguza wagonjwa 89 wa HIV waliopewa diklofenaki. Kumi na watatu figo zao ziliharibika ghafla muda mfupi baadaye. Wote 13 walikuwa kwenye tenofoviri. Kati ya wale ambao hawakuwa wakitumia tenofoviri, hakuna hata mmoja aliyepatwa. Idadi ni ndogo, lakini mtu akisoma matokeo hayo akiwa Kisumu hawezi kuyapita tu.

HIV yenyewe inahusishwa pia na kuoza kwa kichwa cha mfupa wa paja kwa kukosa damu, ugonjwa unaowafikisha watu wa umri wa kati kwenye nyonga bandia. Maana yake ni kwamba katika foleni ya upasuaji wa viungo hapa kwetu, mgonjwa wa tenofoviri ni wa kutarajiwa.

Na hapa panahitaji busara ambayo haimo kwenye fomu. Mama anaulizwa kando ya kitanda kama kuna dawa anazotumia. Shemeji amesimama pale, mkwe ameketi pembeni na chupa ya uji. Mama anajibu hapana. Nani angejibu vingine? Muuguzi anaandika "hakuna", daktari anasoma "hakuna", na diklofenaki inaingia. Kosa si la mama. Watu wa nyumbani waombwe watoke kidogo, pazia livutwe, kisha aulizwe kwa upole: "Mama, kuna dawa yoyote unayomeza kila siku, hata kama hungependa wengine wajue? Nauliza kwa sababu ya figo zako." Swali lenye sababu hujibiwa. Dakika mbili za faragha hapa zina thamani kuliko mashine nyingi.

Jambo la pili ni selimundu. Malaria ndiyo iliyoifanya jeni ya ugonjwa huu ienee sana kandokando ya ziwa, kwa kuwa anayerithi kwa mzazi mmoja hupata kinga. Anayerithi kwa wazazi wote wawili huugua, na chembe zake za damu zilizopinda huziba mishipa midogo, ikiwemo ya kichwa cha paja. Ndiyo maana unaweza kumwona kijana wa miaka 20 na kitu akitembea kwa gongo akisubiri nyonga mpya. Mishipa midogo ya figo nayo inazibwa vivyo hivyo, tangu utotoni. Zaidi ya hapo, kijana huyu amekuwa akimeza Brufen na diklofenaki kila maumivu yanapomshika, miaka nenda miaka rudi. Kriatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, inaweza kuonekana nzuri huku figo zimeshaanza kuvujisha protini. Apimwe mkojo pia. Na wodini asinyimwe mofini kwa dhana kwamba ameizoea. Wagonjwa wa selimundu wamedhulumiwa vya kutosha kwa dhana hiyo, na dawa za kupunguza uvimbe zikiwa hazimfai, mofini na ganzi ya neva ndizo atakazozitegemea.

Wa tatu ni bibi mwenye presha aliyevunjika nyonga. Mara nyingi anameza enalapril au losartan, na juu yake kidonge cha kumfanya akojoe. Kila moja ya hizo mbili hugusa figo kwa namna yake. Ukiongeza dawa ya kupunguza uvimbe, mambo matatu yanakutana kwenye figo za mtu wa miaka 75 ambaye hajanywa maji tangu jana usiku. Kwa huyu tunasema waziwazi: asipewe. Apewe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, ganzi ya neva ya nyonga mapema iwezekanavyo, na mofini kidogo kidogo. Ganzi hiyo inahitaji sindano, dawa ya ganzi ya bupivakaini na mtu aliyefunzwa. Kama kuna mafunzo ambayo idara ya afya ya kaunti ingeyalipia kesho, tungechagua hayo.

Wenye vidonda vya tumbo, pumu inayochochewa na aspirini, au wanaotumia dawa za kuyeyusha damu wana tahadhari zao zinazojulikana. Ibuprofeni ikilazimika kwa mwenye tumbo dhaifu, omeprazoli iandamane nayo; akiweza kupata selekoksibu, bora zaidi. Ketorolaki, dawa nyingine ya kundi hili, isizidi siku tano kwa mtu yeyote.

Tunajua watakavyojibu walio kazini. Diklofenaki ni rahisi, inapatikana, inakuja kwa sindano, na mgonjwa anayetapika hawezi kumeza kidonge. Ni kweli. Bohari ya hospitali ya umma hutoa kilichomo. Lakini sindano ya diklofenaki ya miligramu 75 kwenye nyama ya kalio ina madhara yake, jipu na hata kuumia neva, na wagonjwa wengi huanza kumeza vizuri saa chache baada ya ganzi ya mgongo. Tukubali pia kwamba wagonjwa wenyewe wanadai sindano kwa imani kwamba kidonge si dawa. Ni kazi ya muuguzi kuwaeleza, na wauguzi wetu wanaweza. Wapo pia madaktari wanaohofia kwamba dawa hizi huchelewesha mfupa kuunga. Kwa mfupa uliovunjika mjadala huo haujafungwa, na daktari anayezizuia kwa sababu hiyo ana hoja. Aiandike tu kwenye faili, ili wa zamu ya usiku asiirudishe dawa bila kujua.

Siku ngapi? Chache. Watafiti wa Australia na New Zealand waliwapa wagonjwa wa nyonga bandia ibuprofeni kwa siku 14, katika utafiti wa watu 902 uliochapishwa mwaka wa 2006, wakitumaini kuzuia mfupa usiote mahali pasipofaa. Wagonjwa hawakupata nafuu ya maana katika miezi ya baadaye, na kuvuja damu kukaongezeka wakiwa hospitalini. Siku chache za kwanza ndizo zenye faida kubwa. Kadiri siku zinavyoongezeka, faida inapungua na hatari inabaki.

Hapo ndipo maduka ya Kondele yanapoingia. Mgonjwa anafika kaunta na magongo yake. Muuzaji anakata vidonge kumi kwa makasi kutoka kwenye pakiti, jina la dawa linabaki kwenye kipande kilichorudi kabatini, vidonge vinaingia kwenye bahasha ndogo, na juu yake kalamu inaandika "1x3". Ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Hadi lini? Hakuna. Ni dawa gani? Hakuna. Nyumbani mgonjwa ana bahasha nyingine kutoka hospitalini, nayo imeandikwa "1x3". Anameza zote. Moja ni diklofenaki, ya pili ni Voltaren, na hana namna ya kujua kwamba ni dawa moja. Au moja ni Brufen na nyingine diklofenaki, jambo ambalo lina madhara yale yale: dawa mbili za kundi moja hazipunguzi uchungu mara mbili, zinaongeza tu kuvuja damu na kubana figo.

Tunaomba mambo yanayowezekana. Kila hospitali inayofanya upasuaji wa viungo Kisumu, ya umma na ya kibinafsi, impime mgonjwa kriatinini kabla ya siku ya upasuaji na iandike jibu mahali ambapo daktari wa nusukaputi hawezi kulikosa. Kiwango cha figo kuchuja damu kikiwa chini ya 60, uamuzi ufikiriwe upya. Kikiwa chini ya 30, dawa hizi zisitumike. Jina la dawa iliyochaguliwa, kipimo chake na tarehe ya kuiacha viandikwe kwenye chati na kwenye karatasi ya kutoka hospitali, kwa Kiswahili au Dholuo ambayo mgonjwa ataisoma mwenyewe au atasomewa na mtoto wake. Wafamasia wa Kondele nao waombe karatasi hiyo kabla ya kuuza dawa yoyote ya maumivu kwa mtu mwenye mshono mpya, na waandike jina la dawa kwenye bahasha. Kuandika jina hakugharimu chochote. Bodi ya Famasia na Sumu ina mamlaka ya kulisimamia hilo, na tunataka kuiona ikilisimamia.

Idara ya afya ya kaunti ihakikishe kemikali za kupima kriatinini haziishi maabara, na selekoksibu iwemo kwenye maagizo hata kama ni kwa wachache: wenye vidonda vya tumbo na wanaovuja damu kwa urahisi, ilimradi moyo na figo zao ziko sawa. Upasuaji wa kiungo ni gharama kubwa kwa familia, hata Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ikilipa sehemu. Kumrudisha mgonjwa wodini wiki ya pili kwa sababu ya figo ni gharama nyingine ambayo hakuna aliyeipanga.

Na wewe uliye nyumbani na mshono mpya, au unayemuuguza mtu wa namna hiyo: mkojo ukipungua au ukibadilika rangi kuwa kahawia, miguu yote miwili ikivimba, choo kikiwa cheusi tititi, au kifua kikibana, acha dawa ya kupunguza uvimbe siku hiyo hiyo na urudi hospitalini. Usingoje tarehe ya kliniki. Beba bahasha zote ulizo nazo, hata zile zisizo na jina.